Masisi na Walikale: mashahidi wapo, kesi ndizo hazipo

Kila watu wanapouawa kijijini Masisi au Walikale, habari inapita njia ileile. Mashirika ya raia yanatoa idadi ya maiti, jeshi linasema uchunguzi unaendelea, kundi linalotajwa linakana, na baada ya wiki mbili jina la kijiji kingine linachukua nafasi. Msikilizaji wa redio anabaki akidhani kwamba haya ni mauaji ambayo wauaji wake hawajulikani. Ukifuatilia faili moja moja, unakuta wanajulikana, mara nyingi kwa jina na cheo.

Tuanze na mwaka 2009, wakati wa operesheni Kimia II ya FARDC dhidi ya FDLR. Kati ya tarehe 27 na 30 mwezi wa nne, askari wa serikali walishambulia kambi za wakimbizi wa Rwanda katika kilima cha Shalio, Walikale. Philip Alston, aliyekuwa akichunguza mauaji ya nje ya sheria kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, alisema wakimbizi wasiopungua 50 waliuawa na wanawake wapatao 40 wakachukuliwa. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 mwezi wa tano, FDLR waliingia Busurungi, wilaya hiyohiyo, wakaua na kuchoma nyumba. Human Rights Watch ilihesabu raia wasiopungua 96 waliokufa. Waliochunguza waliona kwamba kilikuwa kisasi cha Shalio, kilicholipwa kwa wakulima ambao hawakumshikia mtu bunduki.

Sasa tazama faili hizo mbili zilikofika. Ya Busurungi ilivuka bahari. Callixte Mbarushimana, katibu wa FDLR, alikamatwa Paris mwaka 2010, lakini majaji wa ICC walikataa kuthibitisha mashtaka yake mwezi wa 12 mwaka 2011. Sylvestre Mudacumura, mkuu wa jeshi la kundi hilo, alitolewa hati ya kukamatwa mwaka 2012, akauawa Rutshuru mwaka 2019 bila kuiona Hague. Ignace Murwanashyaka, rais wao aliyeishi Ujerumani, alihukumiwa miaka 13 mjini Stuttgart mwaka 2015, baada ya zaidi ya siku 300 za kikao. Mahakama ya juu ikafuta sehemu ya hukumu na kuagiza kesi isikilizwe tena; alifariki mwaka 2019 kabla haijaanza. Kwa hiyo Busurungi ilipata majaji wa ICC na wa Ujerumani, na mpaka leo haina jibu la mwisho.

Shalio haikupata hata hicho. Kanali Innocent Zimurinda, aliyetajwa kuwa ndiye aliyekuwa na amri pale, aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa mwezi wa 12 mwaka 2010. Vikwazo si kesi. Aliendelea na kazi, na mwaka 2012 akajiunga na M23. Watu wa vijiji vya jirani wanaona vizuri ni maiti za nani zinazofuatiliwa na za nani zinazoachwa, na hapo ndipo makundi yanapopata vijana wapya.

Mwaka 2012 ulionyesha matokeo yake. Jeshi lilipoondoka kwenda kupigana na M23, kusini mwa Masisi, hasa Ufamandu, kulibaki mikononi mwa makundi. Raia Mutomboki waliua Wahutu wakidai wanawafukuza FDLR. Nyatura, mara nyingine pamoja na FDLR wenyewe, wakaua Watembo. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha raia 264 waliouawa kati ya mwezi wa nne na wa tisa, kati yao watoto 83, katika mashambulizi zaidi ya 75. Wengi walikatwa kwa panga au kuchomwa ndani ya nyumba. Wachunguzi walizungumza na watu zaidi ya 160. Ushahidi basi ulikusanywa, umeandikwa na uko kabatini.

Kuna kesi moja inayobomoa kisingizio kwamba kule porini haiwezekani. Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa NDC, alitolewa hati ya kukamatwa mwezi wa kwanza mwaka 2011 baada ya ubakaji wa watu wasiopungua 387 huko Luvungi na vijiji vya jirani, Walikale, mwaka 2010. Mwishoni mwa 2011 aligombea ubunge Walikale, hati ikiwa bado mezani, na hakuna aliyemgusa. Alijisalimisha kwa MONUSCO mwaka 2017. Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 2020, mahakama ya kijeshi ya operesheni mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji, ubakaji, utumwa wa ngono na kuandikisha watoto. Majaji walikuwa Wakongomani, na wanakijiji walikuja kutoa ushahidi mbele ya mtu aliyewatesa.

Lakini Guidon Shimiray, aliyekuwa naibu wa Sheka kabla ya kuunda NDC-Rénové, naye ana hati, ya mwezi wa sita mwaka 2019. Leo watu wake wako upande wa Wazalendo wanaopigana na M23. Serikali inayopaswa kumkamata inamhitaji mstari wa mbele. Ni hesabu ya vita na tunaielewa, ila tuiite kwa jina lake: hati imesimamishwa na siasa, si kwa kukosa ushahidi.

Upande wa pili hakuna cha kusifu. M23 ilichukua Masisi mwezi wa kwanza mwaka 2025, kisha Goma, na mwezi wa tatu ikaingia Walikale kabla ya kuondoka. Goma ilipoanguka, gereza la Munzenze lilifunguka, maelfu ya wafungwa wakatoka, na majaji wa serikali wakaondoka mjini. Familia ya Masisi inayotaka kushtaki leo inaishi chini ya watawala ambao nao wanatuhumiwa.

Mwezi wa 10 mwaka 2024, mwendesha mashtaka wa ICC, Karim Khan, alitangaza kufufua uchunguzi wa Kivu Kaskazini. Ni hatua, na wenye ndugu waliouawa katika vita hivi waifuatilie kwa karibu. Uchunguzi huo unalenga uhalifu uliotendwa tangu mwezi wa kwanza mwaka 2022. Shalio, Busurungi na Ufamandu ziko nje ya kipindi hicho.