Mnunuzi wa Mtandaoni, Dai kwa Maandishi

Biashara ya mtandaoni imetuzoesha tabia moja mbaya: kusamehe hasara kwa sababu ya uchovu. Chukueni mfano wa mama wa Songea aliyeona blenda kwenye Instagram ya muuzaji wa Kariakoo. Anauliza bei, analipa kwa lipa namba, anatumiwa picha ya risiti ya mzigo: "Dada, imepanda basi usiku huu." Anafungua boksi stendi, jagi limepasuka. Muuzaji anasema iliondoka nzima, kaulize basi. Karani wa vifurushi naye anasema walipokea boksi limefungwa, ya ndani hayajui. Siku ya tatu mama ameblokiwa.

Nani ataisikiliza kesi hii? Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Nauli peke yake inaimeza blenda. Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya 1985 ili yasuluhishe, lakini yanawafaa watu wanaokaa jirani, wanaoitwa wakafika. Muuzaji wa Kariakoo hafungi duka kwa wito wa kata ya Songea. Ndipo wengi wanapokimbilia kubandika picha ya muuzaji na kuandika TAPELI kwa herufi kubwa. Nawasihi, acheni. Ukiandika usiloweza kulithibitisha, unaweza kugeuka mshtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na jagi bado limepasuka.

Dai kwa maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aeleze bidhaa yake, na atekeleze oda ndani ya siku 30 kama hamkukubaliana muda mwingine. Basi mtumie ujumbe mmoja usio na tusi: tarehe, kiasi, namba ya muamala, ulichoahidiwa, kilichofika, unachotaka na siku ya mwisho ya kujibu. Ambatisha picha ya tangazo lake kabla hajalifuta, na risiti ya basi. Zaidi ya yote, ambatisha video ya kufungua boksi mbele ya karani. Usione haya kurekodi stendi. Watu watacheka, lakini video hiyo inamwonyesha kila mmoja jagi lilivyofika. Muuzaji akikubali kuleta jagi jipya ukilipia nauli ya mzigo, fikiria kukubali, kwani suluhu huwa na gharama yake.

Akikaa kimya, peleka maandishi hayohayo kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyopewa na sheria ya 2003 kazi ya kumlinda mlaji. Aliyekula fedha na hakutuma chochote si wa kusuluhishwa. Huyo ni wa polisi.

Nanyi wauzaji, lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" haliwaondolei wajibu juu ya bidhaa mbovu. Mteja anayeandika kwa adabu bado anataka kuwa mteja wenu. Mkimbloki mnamfundisha kwenda kununua kwa jirani.

Lakini adabu ya mnunuzi haitoshi bila nguvu ya kumfanya muuzaji ajibu. Umoja wa Ulaya ulifungua jukwaa la mtandaoni la kusuluhisha malalamiko ya namna hii mwaka 2016, ukalifunga Julai 20, 2025. Wauzaji wengi hawakujibu, kwa kuwa hawakulazimishwa. Tusijenge jukwaa la kunyamaziwa. Kwetu fedha hupita kwenye lipa namba, na lipa namba imesajiliwa. Aliyembloki mama wa Songea hajajificha kwa kampuni ya simu. Tume na kampuni za simu zikae, zikubaliane kwamba lipa namba yenye malalamiko yaliyothibitishwa na yasiyojibiwa isipokee malipo mapya mpaka mwenyewe aitike.