Aliyetoa Figo Naye Apimwe



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya figo inayotolewa na mtu aliye hai ili kumwokoa ndugu yake. Zamani wagonjwa wa Tanzania waliohitaji figo walipelekwa nje ya nchi, wengi wao India. Mwezi wa Novemba 2017 upandikizaji wa figo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 ukaanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hospitali yetu ya misheni haipandikizi figo. Sisi tunawapokea watu hao wakisharudi nyumbani, na tuliyoyaona ndiyo yanayotufanya tuandike.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba figo huishi kwa damu inayopita ndani yake. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Figo zetu mbili ni ndogo, kila moja kama ngumi ya mkono, lakini hupokea karibu lita 1 kati ya hizo 5. Damu ikipungua au presha ikishuka sana, figo hushindwa kuchuja, na mkojo hupungua.

Ndiyo maana siku ya upasuaji kuna kazi kubwa ambayo ndugu waliokaa nje hawaioni. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa na kushusha presha. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi haondoki kichwani pa mgonjwa. Hutazama presha na mapigo ya moyo, na kupima maji ya dripu yanayoingia. Mtoaji hupewa maji ya kutosha ili figo yake isikose damu kabla ya kutolewa. Ikishatolewa, huoshwa kwa maji maalumu ya baridi, kisha huwekwa chini ya tumbo la mpokeaji na kuungwa kwenye mishipa mikubwa ya damu iendayo na kutoka mguuni. Kabla vibano havijafunguliwa, presha ya mpokeaji lazima iwe nzuri. Maji yakiwa machache, figo hukosa damu. Yakizidi mno, hujaa mapafuni. Vibano vikifunguliwa, figo iliyokuwa imepauka hugeuka nyekundu, na ile ya mtoaji hai mara nyingi huanza kutoa mkojo papo hapo. Baada ya hapo wauguzi hupima mkojo kila saa.

Watu wengi husema, “Upasuaji umekwenda vizuri, mgonjwa amepona.” Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Upasuaji umefungua njia ya damu. Kuilinda njia hiyo ni kazi ya kila siku, nayo hufanyika nyumbani.

Siku moja aliletwa kwetu kijana aliyekuwa amepewa figo na dada yake miaka 3 iliyopita. Alikuwa ameharisha siku tatu, presha iko chini, mkojo ni kidogo mno. Kwa ajili ya maumivu ya mwili, nyumbani walikuwa wamemnunulia diklofenaki dukani. Hawakujua kwamba dawa za namna hiyo, pamoja na ibuprofeni, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Tulimwekea dripu, tukaanza kupima mkojo wake. Baba yake akatuuliza, “Sista, mbona mnapima mkojo kama pombe ya kuuza?” Tukamwambia, “Mzee, huo mkojo ndio unaotuambia kama damu inafika.” Siku ya pili mkojo uliongezeka, na mzee mwenyewe akawa anatuita tuje kupima.

Dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika mfuko wa nguo. Mmoja wetu akamwuliza amepimwa lini mara ya mwisho. Akajibu, “Mimi siumwi.” Tulipompima, presha yake ilikuwa 160 kwa 100. Tuliona aibu, maana kwa muda wote huo tulikuwa tukimpima kaka yake kila anapokuja kliniki, na yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza.

Mtu hachukuliwi kutoa figo bila kupimwa kwa makini, na watoaji wengi huishi vizuri. Figo iliyobaki huongeza bidii, hata ikafanya zaidi ya nusu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na zote mbili. Lakini presha ya juu huharibu mishipa midogo ya figo polepole, bila maumivu, na mtoaji hana figo ya akiba.

Kwa hiyo tunasema wazi: si haki familia nzima kumwuguza aliyepokea na kumsahau aliyetoa. Na sisi wahudumu wa afya tusisubiri mtoaji aje akiwa mgonjwa. Tunaomba kila familia yenye watu hawa ifanye yafuatayo:

1. Mtoaji awe na kadi yake mwenyewe. Apimwe presha, mkojo na kriatinini ya damu angalau mara moja kila mwaka.

2. Mtoaji akipata mimba, amwambie mkunga mapema kwamba ana figo moja, kwa sababu hatari ya kupata presha ya mimba huongezeka.

3. Mpokeaji asiache hata siku moja dawa za kuzuia mwili usiikatae figo.

4. Wote wawili wasitumie dawa za maumivu za dukani wala za mitishamba bila kumwuliza daktari.

5. Mpokeaji akiharisha, akitapika au akipata homa, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoaji naye asikae nyumbani na hali hiyo akingoja ipite.

Yule dada sasa anatumia dawa ya presha, na huja kliniki siku moja na kaka yake. Siku hizi tunaanza kumpima yeye.