Buti za Bwana Mifugo

Kuku wanapozubaa, wakaharisha kinyesi cha kijani na shingo zao zikapinda, mwanakijiji humwita bwana mifugo. Naye huja, huwashika wagonjwa, huwapasua waliokufa na kutoa shauri. Jioni hurejea kwake, ambako kuku wake mwenyewe humkimbilia wakitarajia mtama. Hapo ndipo kazi njema ya mchana kutwa huweza kuharibika kwa hatua chache tu.

Ugonjwa huo ni mdondo, ambao pengine huitwa kideri. Virusi vyake hutoka katika kinyesi na ute wa kuku mgonjwa, vikasafiri kwa viatu, nguo, mikono na matenga. Katika kundi lisilochanjwa waweza kuua karibu kuku wote. Virusi havibagui buti za mtaalamu na za mchuuzi.

Mhudumu wa zahanati ya wanyama mjini naye ana hatari yake. Parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu ulioenea duniani tangu mwaka 1978, huua hasa watoto wa mbwa. Virusi vyake huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi.

Aghalabu husemwa kwamba kunawa kwa sabuni kwatosha. Sayansi yaonyesha kuwa sivyo daima. Kirusi cha mdondo kimefunikwa na utando wenye mafuta. Sabuni huuvunja utando huo, nacho kikaharibika. Kirusi cha parvo hakina utando wa namna hiyo. Sabuni huweza kukiondoa pamoja na uchafu, lakini haikiui. Hapana budi buti zisuguliwe kwanza, kisha zitiwe katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, kwa dakika 10. Atiaye klorini juu ya tope apoteza dawa yake, maana uchafu huimaliza nguvu.

Wako wanaodai kwamba mtumishi wa mifugo asifuge kitu nyumbani. Shauri hilo ni jepesi kutolewa na mtu ambaye mshahara wake haukamilishwi na mayai. Wengine husema kuwa kuku wake wakifa, hiyo ni hasara yake peke yake. Hao pia wamekosea. Ua wa bwana mifugo ni darasa linalotazamwa na kijiji kizima. Kuku wake wakifa kwa mdondo, nani atakayemwamini akija kesho na kichupa cha chanjo? Hasara ya kuku kumi huwa hasara ya imani, na imani haiagizwi kutoka bohari.

Kwa hiyo ni haki kudai kwamba mwajiri atoaye chanjo atoe pia bwelasuti mbili, jozi mbili za buti, brashi, ndoo na mahali pa kunawia. Kumlaumu mtumishi kwa uzembe ilhali ana jozi moja tu ya viatu si uadilifu.

Yeye naye ana wajibu wake. Awahudumie wanyama wake asubuhi, kabla ya kwenda kazini; awatembelee wazima kwanza na wagonjwa mwisho; nguo na buti za kazi azivulie huko huko kazini; naye aoge kabla ya kuingia bandani kwake. Kuku wake wapate chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi 3 hadi 4, na watoto wa mbwa wakamilishe chanjo zao zote. Hata kuku aliyepewa kwa shukrani atengwe majuma mawili au zaidi, kwani huweza kutoa virusi kabla hajaonyesha dalili. Kumpokea mgeni kwa heshima si lazima kumlaza na wenyeji usiku wa kwanza.

Shule yenye banda la kuku yaweza kuanza leo: ndoo, brashi na jozi ya viatu isiyotoka nje ya banda. Mwanafunzi azoeaye kubadili viatu mlangoni mwa banda la shule hatasubiri kukumbushwa atakapokuwa mganga wa mifugo.