TUSIUOGOPE UBAO



Kuna neno linalozungumzwa sana kwenye mabaraza yetu ya jioni hapa Tudor, nalo ni mtihani wa leseni ya magari makubwa. Twasikia watu wazima, waliokula vumbi la barabara ya Nairobi tangu ujana wao, wakisema kwamba hawaogopi trela lenye matairi 22, bali waogopa ule ubao wa mji wenye vigari vya kuchezea. Wengine hawasemi, lakini twawaona. Wamekaa kiti cha utingo miaka kumi na zaidi, lori walijua kuliko mwenye lori, na kila wakati wa kuandikisha majina ya mtihani ukifika wao wana udhuru. Mara mtoto mgonjwa, mara fedha hakuna, mara mwezi ujao.

Sisi twasema wazi kwamba hofu hii yatutia hasara. Utingo na dereva hulala chini ya lori moja pale Mtito Andei, hunywa chai ya birika moja, lakini hawapokei mshahara mmoja. Na tangu reli mpya ya Nairobi ianze kazi mwaka 2017 na kuchukua makontena mengi, nafasi za malori hazigawiwi tena kwa kujuana peke yake. Tajiri akiwa na watu kumi langoni na kazi ya watu wawili, huuliza karatasi kwanza.

Basi hofu hii yatoka wapi? Mtu aliyejifunza kazi kwa kutazama amejifunza kwa macho na mikono, na mikono haina maneno. Tunaye mwanachama mmoja, hatumtaji jina, awezaye kurudisha nyuma kontena la futi arobaini katika uwanja wa Shimanzi ambao wengine hawawezi kugeuza hata pikapu. Mbele ya ubao aliambiwa atoe kigari pale hospitali akipeleke sokoni kupitia mzunguko. Akakisukuma vizuri kabisa, kimya. Akaanguka. Hakusema kwamba ametazama kioo, hakusema kwamba ametoa ishara, hakusema kwamba anayetoka kuliani mwake ndani ya mzunguko ndiye mwenye haki ya kupita. Mambo hayo yote huyafanya kila siku pasipo kufikiri. Mtahini hawezi kuona yaliyo moyoni mwa mtu.

Kwa hivyo kujitayarisha ni kuyapa majina yale ambayo mkono wayajua tayari. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu yakuonya. Duara yenye ukingo mwekundu yakukataza. Duara ya samawati yakuamuru. Mwenye kujua mambo hayo matatu hahitaji kukariri alama moja moja kama kasuku, kwani ataitambua hata alama asiyopata kuiona. Na yafaa kusemwa kwa sauti, watu wawili watatu pamoja, mmoja akiwa mtahini. Ubao si lazima uwe wa shule ya udereva. Kipande cha boksi, chaki, na vifuniko vya soda vyatosha, na twajua baraza moja karibu na Tudor Four ambapo bao la kete limeondolewa kwa mwezi mzima kwa ajili hiyo. Wazee walilalamika kidogo.

Liko jambo la lugha. Vitabu vingi vya kanuni za barabara vinavyouzwa mjini ni vya Kiingereza, na wako watu wanaodhani kwamba asiyejua Kiingereza hana haki ya kujua sheria. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Dereva akitaka kuulizwa na kujibu kwa Kiswahili haombi hisani. Na aseme mapema, kwa adabu, kabla ya swali la kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengine hawatapenda tuliandike. Wako madalali wanaozunguka wakisema, “Lete kitu kidogo, ubao hutauona.” Wako wanachama waliokubali. Tena wako wanaotuambia kwamba mtihani wenyewe ni njia ya kuwakamua maskini, kwa nini basi mtu asipite mlango wa nyuma? Kwamba gharama ni kubwa twakubali, na hilo twalipigania. Lakini aliyeinunua leseni yake amejifunga kamba shingoni, na kamba hiyo anayeivuta ni tajiri, kwani mtu asiyejua sheria hana neno la kusema akiamriwa kuivunja.

Tazameni mathalan habari ya mzigo. Lori la kichwa chenye ekseli tatu na trela lenye ekseli tatu lina hesabu yake. Ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za nyuma ya kichwa pamoja tani 18, ekseli tatu za trela pamoja tani 24. Jumla ni tani 50, na ndani yake mna chuma chenyewe, mzigo, dizeli, na sisi wenyewe na vyungu vyetu. Hesabu hii imo katika sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013. Mtoto wa darasa la nne aweza kuijumlisha. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoitazama karatasi ya mzigo kabla ya kutoka getini? Twangoja mpaka Mariakani, mizani iseme, na anayesimama pale juani ni dereva. Tajiri yuko ofisini. Tena tani 50 peke yake hazitoshi kukuokoa. Mzigo uliosukumwa wote nyuma waweza kuzidi juu ya ekseli za trela ingawa jumla ni halali. Hapo ndipo maarifa ya utingo, ambaye ndiye aliyeona mzigo ukipangwa, yana thamani kuliko simu kumi za karani.

Au tazameni saa. Sheria ya Usafiri Barabarani, Sura ya 403, yamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 kwa jumla katika saa 24. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Kidhibiti mwendo chakuzuia kupita kilomita 80 kwa saa; katika miji mwisho ni 50. Mtu asiyegusa breki tangu Changamwe angefika kwa saa 6, lakini mtu huyo hajazaliwa. Kuna foleni ya mizani, kuna vilima, kuna matuta, kuna Voi na Emali. Ukienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri kwa lori lenye mzigo, umetumia saa 9 na nusu. Kwa hiyo tajiri anayesema “kesho alfajiri niwe na kontena Nairobi” na amempa kazi hiyo dereva mmoja, amemwamuru avunje sheria, ajue asijue.

Dawa yake ni ama kulala njiani ama dereva wa pili. Na dereva wa pili atatoka wapi? Yumo ndani ya lori tayari, amekaa kushoto. Ni utingo, akiwa na leseni ya daraja lake. Hapa ndipo twaona faida ya mtihani kwa wengi wetu, kuliko mahubiri yote ya usalama. Ngazi ya malori ni C1 kwa lori jepesi, kisha C, kisha CE kwa lori zito lenye trela; makanga wa matatu ana ngazi yake ya D1 hadi basi kubwa, D3. Utingo anayeanza leo kupanda ngazi atakuwa na haki ya kudai kiti cha pili kesho. Lakini tahadhari: wako matajiri watakaopenda sana kupata dereva wa pili kwa mshahara wa utingo. Mwenye leseni akishika usukani ni dereva, alipwe kama dereva, na mkataba uandikwe hivyo. Yeyote atakayeambiwa vinginevyo alete habari kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi.

Twaulizwa, je, nikikataa sitafukuzwa? Hatuwezi kuwadanganya; wako wanaofukuzwa. Lakini Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yahesabu kuwa ni kosa kubwa mfanya kazi kukataa amri iliyo halali na ya haki. Amri ya kupakia tani 58 juu ya lori la tani 50 si halali. Na kifungu cha 45 chamtaka tajiri athibitishe kwamba sababu yake ya kumfukuza mtu ilikuwa ya kweli na ya haki. Mahakama ya kazi tunayo papa hapa Mombasa. Chama chaweza kusimama na mwanachama aliyesema, “Bwana, ekseli ya trela imezidi, karatasi ni hii.” Kusimama na aliyesema tu, “Mimi sitaki,” ni kazi ngumu zaidi.

Habari ya breki tutaieleza kwa ufupi, kwa sababu wengi waijua na wachache waifuata. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mahali pa kusimamia huzidi mara nne tangu breki ishike. Kwa kilomita 80, kila sekunde unayopoteza kabla ya mguu kugusa breki lori limekwenda mita 22. Ndiyo maana gia huru mteremkoni ni kifo. Twajua kwa nini watu huifanya kule Salgaa na hata hapa tukishuka kutoka Mazeras: tajiri hupima dizeli kwa kijiko, na kinachobaki humsaidia dereva kununua unga. Tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena lilipoteza mwelekeo pale njia panda ya Londiani likaua watu zaidi ya 50, wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Akina mama wale hawakuwa na ugomvi na dizeli ya mtu.

Tunapita kila siku katika barabara ya Tom Mboya hapa Tudor, wengine hata hawajui kwa nini iliitwa hivyo. Wapakizi wa bandari walipogoma Machi 1955, Mboya alikuja Mombasa akayasimamia madai yao, na mishahara ikaongezwa. Mwaka huo huo alikwenda kusoma katika Chuo cha Ruskin huko Oxford. Alikuwa kiongozi tayari, ana sifa tayari, akaketi tena darasani. Utingo wa miaka arobaini asione haya kukaa mbele ya kipande cha boksi.

Kwa matajiri tuna neno moja, nalo tutalipeleka kwa maandishi. Kila mwajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, ushuru wa mafunzo unaokwenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na kwa masharti yake aweza kurudishiwa gharama za kuwafundisha watu wake. Fedha hizo zalipwa kwa vichwa vyetu. Mafundi na makarani hupelekwa kozi. Twataka kuona na majina ya mautingo katika orodha hizo. Tena twataka siku ya mtihani isikatwe mshahara, na mtu aliyerudi jana usiku kutoka Malaba asipelekwe mbele ya ubao asubuhi na macho mekundu kwa sababu meneja alikumbuka jana.

Wanaotaka kusoma pamoja waandikishe majina kwa katibu wa tawi, waseme wana leseni ya daraja gani na wataka ipi. Kila mmoja aje na karatasi ya mzigo ya safari yake ya mwisho, tutaanza kwa kuzijumlisha hizo.