Daftari la Wiki: Bonde Lililozoea Lori

Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka kijijini Attabad, katika bonde la Hunza kaskazini mwa Pakistan. Watu 20 walikufa, na kifusi kikauziba mto. Maji yakajaa nyuma yake miezi mingi hadi likazaliwa ziwa la zaidi ya kilomita 20, likameza kipande cha barabara kuu ya Karakoram pamoja na mashamba na nyumba za Shishkat na Gulmit. Huko juu watu wapatao 25,000 wakabaki hawana njia ya gari ya kushukia sokoni. Daftari la leo halitatoka hapo, maana tukio hilo linapinga neno ambalo wapangaji wa maendeleo, wa huko na wa kwetu, hulimeza bila kulitafuna: kwamba barabara humaliza upweke wa kijiji cha milimani. Haiumalizi, inaubadilisha tu, na upweke wa pili unaweza kuuma kuliko wa kwanza.

Ule wa kwanza ulikuwa na zana zake. Bondeni mvua ni haba. Shayiri na ngano huoteshwa kwa maji ya barafu inayoyeyuka juu, yanayoshushwa kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa majabali. Aprikoti zilianikwa juu ya mapaa, kokwa zikapasuliwa, kiini kikakamuliwa mafuta, kwa sababu majira ya baridi hayakuwa na duka. Barabara ilipokamilika mwaka 1978 hesabu ikageuka. Wakulima wa Gojal, sehemu ya juu ya bonde, wakapata soko la viazi vya mbegu huko Punjab, na unga ukawa unapanda kwa lori. Ulikuwa uamuzi wa busara: kashamba kadogo kanakotoa fedha kanalipa karo. Ila viazi vya kuuza bila lori ni mzigo tu. Ziwa lilipokata njia, magunia yalipakiwa kwenye maboti ya mbao, yakapakuliwa ng'ambo, yakapakiwa tena, na kila bega likadai ujira wake. Hata gari dogo lilivushwa likiwa juu ya mbao zilizolazwa kukingama boti, magurudumu yakining'inia karibu na maji. Chakula cha msaada kikatoka China, kwa kupitia mpaka wa Khunjerab.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni mahaba ya mtu aliyeshiba. Ana haki. Zile hadithi za Wahunza wanaoishi miaka 120 hazikuwa na cheti cha kuzaliwa hata kimoja, na kila masika, akiba ya mwaka uliopita ikiisha kabla shayiri mpya haijakomaa, watu walilala njaa. Shahidi mkubwa ni Shimshal, kijiji kilicho kwenye kimo cha mita 3,100 hivi. Wenyeji walianza kujichongea njia yao mwaka 1985, kwa msaada wa serikali na wahisani, na gari likafika 2003. Anayefurahia kutengwa havunji majabali miaka 18. Kwa hiyo sidai njia ifungwe. Nakataa tu kwamba ndiyo mlango pekee wa mabadiliko: shule za Diamond Jubilee zilianza kufunguliwa huko mwaka 1946, zikiwa na jina la sherehe ileile iliyoacha ukumbi Upanga, Dar es Salaam, na zilitangulia lori kwa miaka 30 na zaidi.

Wahandisi nao watanyoosha kidole kwenye mahandaki matano yaliyofunguliwa Septemba 2015, ambayo kweli yamerudisha safari. Lakini yalikuja zaidi ya miaka mitano baada ya mlima kuporomoka, na kiazi hakingoji hata miezi mitano. Tena Mei 2022 mafuriko yaliyotoka kwenye barafu ya Shishper yalilibomoa daraja la Hassanabad kwenye barabara hiyohiyo. Milima ile bado inasogea na barafu bado inapasuka, kwa hiyo swali la bajeti ni la kawaida kabisa: katika fedha za kila kilomita ya lami, ni kiasi gani kinachotengwa kwa ghala la nafaka upande wa juu, mbegu ya shayiri isiyotupwa, na mifereji ambayo vijana waliokwenda Karachi hawapo tena kuizibua? Kule Attabad maboti bado yapo. Siku hizi yanabeba watalii, juu ya mashamba yaliyozama.