Safari ya ng'ambo wakati wa ugonjwa: Nani anabeba gharama?

MAVUNO yanapoingia ghalani katika Kata ya Kasokola, pembezoni mwa mji wa Mpanda, swali la kwanza la mkulima ni bei. Akiuza Mpanda mjini anapata fedha taslimu siku hiyo hiyo. Akisubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) analazimika kufuata ratiba ya wakala huyo. Njia ya tatu, ambayo inazungumzwa zaidi tangu Bandari ya Karema ilipokamilika mwaka 2022, ni kuvuka Ziwa Tanganyika na kuuza Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Bandari hiyo iliyojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) kwa karibu Sh48 bilioni imelisogeza soko la Kongo karibu na mkulima wa Katavi. Hata hivyo, ipo gharama moja ambayo wafanyabiashara wadogo wengi hawaiingizi katika hesabu zao. Nayo ni gharama ya kanuni za afya kwa wasafiri pindi ugonjwa wa kuambukiza unapozuka.

Kanuni hizo zina sababu nzuri, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Lakini zinaweza kumeza faida yote ya safari moja, hasa kwa mtu anayevuka na mke na watoto ili auze mzigo na papo hapo akawaone ndugu. Katika mkoa huu jambo hilo si la kufikirika. Makazi ya Katumba na Mishamo yana maelfu ya familia zenye asili ya Burundi, ambazo ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Kwa familia kama hizo, safari ya ng'ambo ni biashara na ni undugu kwa wakati mmoja.

Meli za matajiri zilivyokwama

Ili kuelewa jinsi gharama hizi zinavyofanya kazi, ni vyema kuanza na wasafiri wenye uwezo mkubwa, yaani familia zinazopanda meli za kitalii.

Mwanzoni mwa Februari 2020, meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Hadi mwisho, 712 kati yao walikutwa na virusi vya corona. Machi 14 mwaka huo mamlaka za afya za Marekani zilipiga marufuku safari za meli hizo. Mwaka 2019 biashara hiyo ilikuwa imebeba abiria karibu milioni 30 duniani kote. Mwaka 2020 ilibeba chini ya milioni sita.

Meli ya kwanza kubwa ya kitalii kuondoka na abiria katika bandari ya Marekani baada ya marufuku hiyo ilikuwa Celebrity Edge, Juni 26, 2021. Wakati huo chanjo kwa watoto wa chini ya miaka 12 ilikuwa bado haijaidhinishwa nchini humo. Familia zilizotaka kusafiri na watoto wadogo zililazimika kupita katika vipimo vya ziada na masharti tofauti na ya watu wazima.

Pamoja na usumbufu huo, abiria wa meli hizo walikuwa na kinga ambayo msafiri wa Ziwa Tanganyika hana. Abiria wa Diamond Princess walirudishiwa nauli zao na kampuni. Wengi wa wasafiri wa aina hiyo hukata bima ya safari. Aidha, kampuni zenyewe zilikuwa na wanasheria na fedha za kukaa mezani na serikali hadi masharti yakalegezwa. Kufikia mwaka 2023 abiria walikuwa wamepita milioni 31, idadi kubwa kuliko ya kabla ya ugonjwa.

Mfanyabiashara wa magunia 20 hana bima wala mwanasheria. Akizuiwa bandarini, hasara ni yake peke yake, na mtaji wake ndio unaolipa chakula cha siku anazosubiri.

Tanzania ilivyopita

Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Machi 16, 2020. Wiki moja baadaye kila aliyeingia kutoka nje alitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zake mwenyewe. Aprili ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na Mei 18 anga ikafunguliwa na sharti la karantini likaondolewa.

Mwezi huo huo wa Mei 2020 ndipo madhara yalipoonekana wazi mipakani. Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde, unaopakana na Tunduma, kwa siku chache baada ya wagonjwa wengi kubainika hapo. Kenya nayo ilizuia watu kuvuka mpaka wake na Tanzania, lakini ikaruhusu mizigo. Madereva walilala kwenye foleni wakisubiri majibu ya vipimo.

Mwaka 2021 hali iligeuka. Mwezi Mei serikali ilianza kudai cheti cha kipimo kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo nchini. Machi 2022 waliokamilisha chanjo waliondolewa sharti la kipimo. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba corona si dharura tena ya kimataifa.

Katika mtiririko huo kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyashika. La kwanza, masharti yalibadilika ndani ya wiki, wakati msimu wa mazao unahesabiwa kwa miezi. La pili, pale ambapo watu walizuiwa, mara nyingi mizigo iliachwa ipite. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitoa mwongozo Aprili 2020 wa kuendeleza usafirishaji wa bidhaa huku idadi ya watu ndani ya lori ikipunguzwa.

Sharti la saa 72 lenyewe linafaa kutazamwa kwa macho ya mtu wa Mpanda. Kwa anayepanda ndege Dar es Salaam, saa 72 zinatosha. Kwa anayesafiri zaidi ya kilomita 100 kwa barabara hadi Karema, kisha akasubiri boti ijaze mzigo au upepo utulie, cheti kinaweza kuisha muda kabla hajagusa ng'ambo.

Hesabu ya magunia 20

Gharama za afya mpakani hutozwa kwa kichwa cha mtu, si kwa gunia. Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapoumia. Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini kila mmoja anaweza kuweka bei zake halisi.

Tuseme mtu amevuka na magunia 20 ya mchele, na baada ya nauli na ushuru anabakiwa na faida ya Sh10,000 kwa gunia. Faida yake ni Sh200,000. Tuseme pia ugonjwa umezuka, kipimo ni Sh25,000 kwa mtu, na kila msafiri anazuiwa siku tatu kusubiri majibu, huku chakula na malazi vikimgharimu Sh15,000 kwa siku.

Akiwa peke yake atalipa Sh25,000 za kipimo na Sh45,000 za kusubiri, jumla Sh70,000. Anarudi na Sh130,000. Si haba.

Akiwa na mke na watoto watatu, vipimo ni Sh125,000 na siku tatu za watu watano ni Sh225,000. Jumla ni Sh350,000. Faida yote imekwisha, na Sh150,000 nyingine zimetoka katika mtaji.

Sasa mtazame mfanyabiashara mkubwa mwenye magunia 500 kwa faida ile ile ya Sh10,000. Anapata Sh5,000,000. Akimtuma mtu mmoja, zile Sh70,000 ni chini ya asilimia mbili ya faida yake. Kanuni ni moja na ada ni moja, lakini kwa huyu ni kama nauli ya bodaboda na kwa yule ni msimu mzima kupotea.

Wakiungana watu kumi wenye magunia 20 kila mmoja, mzigo unakuwa magunia 200. Wakituma wenzao wawili, gharama ni Sh140,000, sawa na Sh14,000 kwa kila mwanachama. Hiyo ni asilimia saba ya faida ya kila mmoja, badala ya asilimia 35 kwa aliyekwenda peke yake.

Kanuni za dunia zinasemaje?

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu ni kwamba Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Tanzania na majirani zake ni wanachama, zinagusa suala la malipo. Kifungu cha 40 kinaeleza kwamba msafiri ambaye haendi kuomba ukaazi hapaswi kutozwa kwa uchunguzi wa kujua hali yake ya kiafya, wala kwa karantini aliyowekewa na nchi husika. Pale tozo inaporuhusiwa, kiwango kinatakiwa kiwe kimoja kwa watu wote bila kujali uraia, na kitangazwe angalau siku 10 kabla.

Kifungu cha 32 kinaitaka nchi kumpatia aliyewekwa karantini chakula, maji na matibabu, na kumheshimu utu wake.

Wakati wa corona nchi nyingi, tajiri na maskini, ziliweka gharama hizo mabegani mwa wasafiri. Serikali zilikuwa na sababu, kwani hazina zilielemewa na hakuna aliyejua ugonjwa ungeisha lini. Lakini kanuni hazikufutwa. Marekebisho yaliyopitishwa Juni 2024 yalianza kutumika Septemba 2025, na yameongeza ngazi mpya ya tahadhari iitwayo dharura ya janga. Huu ndio wakati wa wafanyabiashara wa mipakani kuuliza tozo zitakuwaje, kabla ugonjwa mwingine haujabisha hodi.

Magonjwa hayajaisha

Anayedhani kwamba mambo haya yaliondoka na corona atazame miaka ya karibuni. Agosti 2024 WHO ilitangaza dharura ya kimataifa kuhusu homa ya nyani, ambayo kitovu chake kilikuwa Kongo, na dharura hiyo ikaondolewa Septemba 2025. Januari 2025 Tanzania ilithibitisha ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na ukatangazwa kwisha Machi. Septemba mwaka huo Ebola ilizuka katika jimbo la Kasai nchini Kongo na kudhibitiwa kufikia Desemba.

Hata meli za kitalii hazikusalimika. Februari 2024 Mauritius iliizuia meli ya Norwegian Dawn, iliyokuwa na abiria zaidi ya 2,000, isitie nanga kwa hofu ya kipindupindu. Vipimo vilionyesha hakikuwa kipindupindu, lakini safari ilikuwa imeshavurugika.

Nini kifanyike

Kwa upande wa mfanyabiashara, hatua ya kwanza ni nyaraka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni muhimu kwa anayekwenda Kongo na anaporudi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, ila huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo ya kwanza. Kwa hiyo anayechanjwa leo na kuvuka kesho bado hajakidhi sharti. Watoto nao wanahitaji hati zao.

Pili, safari ya biashara itenganishwe na safari ya familia pale tetesi za ugonjwa zinapoanza. Mzigo unaweza kupita wakati watoto wamezuiwa. Ndugu watatembelewa hali ikitulia.

Tatu, vikundi na vyama vya ushirika vitume wawakilishi, na mauzo yaandikwe gunia kwa gunia ili waliobaki nyumbani wasipunjwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Nne, kila kikundi kitenge akiba ndogo ya dharura katika kila safari. Katika mfano uliotolewa, Sh1,000 kwa gunia kutoka kwa watu kumi zinatoa Sh200,000 kwa safari moja, kiasi kinachotosha kulipia wawakilishi wawili wakizuiwa siku tatu.

Kwa upande wa serikali, Karema inahitaji huduma ya vipimo bandarini hapo hapo, ada zilizobandikwa ukutani kwa shilingi, na muda wa cheti unaolingana na safari za ziwani badala ya safari za ndege. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hivyo ipo meza ya kuzungumzia utaratibu mmoja kati ya Karema na Kalemie ambapo kipimo cha upande mmoja kitatambuliwa na upande wa pili.

Fedha nyingi zimekwishawekwa katika gati. Mkulima wa Kasokola atafaidika nayo ikiwa tu atajua, kabla ya kupakia gunia la kwanza, atalipa nini na atasubiri siku ngapi iwapo ugonjwa utazuka.