Nimemtafuta Nyanjiru Jijini
Mwambie mtu wa utalii akuonyeshe Nairobi ya zamani, nakuapia atakupeleka Karen. Utaonyeshwa nyumba ya Blixen, halafu chai pale Norfolk, hoteli iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, kabla Nairobi haijachukua makao makuu ya utawala kutoka Mombasa. Sawa. Mimi sina vita na nyumba nzuri. Shida yangu ni barabara iliyo mbele ya hiyo hoteli.

Tarehe 16 Machi 1922, maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Alikuwa amekamatwa siku mbili kabla, kwa kupinga kodi, kazi za kulazimishwa na kipande, ile karatasi yenye alama za vidole ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nayo, imening'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wakikuyu waliiita mbugi, kengele ya mbuzi. Viongozi wakaenda kuongea na serikali, wakarudi wakisema ati watu waende nyumbani. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akapandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume walichukue, wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilikubali maiti 21. Kuna waliohesabu zaidi ya mara mbili. Masimulizi yanasema walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga. Hebu fikiria, mtu anaweka glasi chini ili ashike bunduki.

Nilipita hapo miaka miwili nikienda darasani, kabla sijaacha chuo. Sikuona hata kibao. Thuku ana barabara, na anaistahili. Nyanjiru sijakutana naye hata kwenye uchochoro.

Watetezi wa majengo wataniambia mawe yenyewe ni kumbukumbu. Haya, twende Kipande House, Kenyatta Avenue, jengo la 1913. Linatunzwa vizuri, ni benki. Mle ndani wanaume walisajiliwa ili wapewe hiyo mbugi. Leo unaingia, unapiga foleni, unatoa pesa zako (kama zipo), unatoka. Wangapi kwenye hiyo foleni wanajua jina la jengo limetoka wapi? Mawe hayasemi kitu mpaka mtu ayaandike.

Na msiniambie haya ni mambo ya kale. Juni 25, 2024, vijana wa rika langu walipigwa risasi nje ya Bunge, mwendo wa miguu tu kutoka alipoanguka Nyanjiru. Tukabishana tena kuhusu hesabu ya maiti.

Kwa hivyo, watu wa Kaunti, na nyinyi wa Makumbusho ya Taifa, kabla hamjapaka rangi ukuta mwingine wa mkoloni: tunataka jiwe moja, fundi mmoja wa kuchonga, pale pale barabarani. Jina la Nyanjiru liwe juu. Chini yake muache nafasi ya kutosha, kwa sababu wengine bado hatujawajua majina.